Kisu Kisicholia

Umewahi kumchukia mtu mpaka ukafunga safari kwenda mjini kuchagua kisu?

Usijibu haraka. Wengi wetu tunachukia kwa mdomo. Tunalaani, tunatema mate, tunalala, na kukicha tunapeleka kibakuli kuomba chumvi kwa yuleyule tuliyemlaani jana. Ignas Kobelo hakuwa mtu wa hivyo. Chuki yake ilikuwa na vipimo. Alipoteremka Morogoro mjini Alhamisi ile, alijua urefu wa kisu anachokitaka, upana wake na uzito wake mfukoni. Alijua pia kwamba kisu hicho hakitamwaga damu hata tone. Hakutaka Lukasi afe. Mtu akifa anaombewa, anapikiwa, anasifiwa hata kama alikuwa fisi. Ignas alitaka Lukasi aishi miaka mingi, mwenye afya na macho mazuri, aone miti sitini na mitatu ya parachichi ikikauka mbele yake mmoja baada ya mwingine, asijue amshitaki nani.

Miti ile aliiotesha Ignas mwenyewe. Hapo ndipo hadithi inapoanzia.

Ignas ni mtu wa Mgeta, upande wa pili wa milima. Alikuja huku juu ya Bigwa akiwa kijana, akimfuata Kristina aliyekutana naye kwenye sikukuu ya parokia. Akaoa, akahamia kwao mke. Kwa Waluguru hilo si ajabu. Ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo, na ukoo unafuata tumbo la mama. Mwanaume aliyeoa anaonyeshwa shamba la mkewe, analima, anajenga, anazaa watoto wasio wa ukoo wake, na ukoo ukikaa kikao yeye anabaki uani na kuku. Kilichoamuliwa atakisikia kesho yake, akibahatika. Ignas alibaki uani na kuku kwa miaka ishirini na sita. Hakulalamika. Alikuwa na Kristina.

Na alikuwa na mkono. Ule wa kushoto. Bwana shamba mmoja alipokuja kufundisha watu kubebesha miti, wengine walichukua soda na kuondoka. Ignas alibaki mpaka jua linazama. Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji, mche ukifika unene wa penseli unaukata kichwa, unaupasua, unachomeka kijiti cha mti wa mbegu bora, unafunga kwa nailoni. Vikishikana, miguu ni ya kienyeji na matunda ni yale yanayogombaniwa na wanunuzi. Ni kazi ya kisu na pumzi. Ukikata kwa kusitasita, kidonda kinakuwa na mawimbi, na mawimbi hayashikani.

Mbegu walizichukua chini ya mti mkongwe wa mama mkwe wake, Bibi Magdalena. Ignas alikata, Kristina alifunga. Winfrida, binti yao, alishika ndoo na kujifunza kwa macho.

"Miguu ya kwenu, kichwa changu," Ignas alipenda kumtania mkewe.

"Na mimi ni nani hapo?"

"Wewe ndiye nailoni."

"Nailoni si hutupwa vikishashikana?"

"Hii nimeizoea. Haitupwi."

Mwaka huu miti ilitimiza miaka minne, ikabeba mzao wake wa kwanza wa maana. Na mwaka huu, wakati wa Kwaresima, Kristina akaugua homa siku nne. Ya tano wakamzika.

Siku ya kuondoa tanga, kaka wa marehemu alisimama. Huyo ndiye Lukasi. Mwanaume mrefu, mwenye sauti ya kuongoza harambee, koti la kijivu hata jua likiwaka. Aligawa kanga za dada yake, akagawa mashuka, akagawa kapu lake la vifaa, na ndani ya kapu hilo kikaenda kisu cha kubebeshea. Kisha akamgeukia Ignas mbele ya watu wote waliokaa kwenye majamvi.

"Shemeji, umetutunzia dada yetu, tunashukuru. Sasa kazi imekwisha. Shamba linarudi kwa wenyewe."

"Na miti yangu?" Ignas aliuliza. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mila ya hapa inasema ardhi ni ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda. Kila mtu kwenye majamvi yale aliijua mila hiyo.

Lukasi akatikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi.

"Miti ni yako, nani anakukatalia? Ibebe begani uende nayo Mgeta."

Watu wakacheka.

Matangani, mtu hajamaliza kuomboleza mkewe, watu wakacheka. Si wote. Bibi Magdalena alikuwa amejifunika uso kwa kanga, na Winfrida alikuwa jikoni anasugua masufuria. Lakini waliocheka walitosha. Ignas aliwaangalia mmoja mmoja. Walikuwa kumi na tisa.

Wapo wanaohubiri kwamba kisasi ni dhambi, na wanahubiri vizuri, kwa sauti laini. Muulize mhubiri huyo: alipozika mkewe, nani alimcheka? Ignas alijaribu njia za wapole kwanza. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaambiwa hayo ni mambo ya ukoo. Aliambiwa pia kuna sheria ya nchi inayomlinda, na kwamba sheria hiyo inakaa mjini, na kwamba ina foleni. Wiki mbili baadaye wakaja wanaume wawili na utepe wa kupimia, wakapita katikati ya parachichi wakipiga vigingi. Lukasi alimwambia mwenyewe, barabarani, bila hata kushusha sauti: shamba amempa mkubwa mmoja wa mjini, atajenga nyumba ya kupumzikia siku za Jumapili, na miti itabaki kuwa bustani yake.

Kilimo cha mtu cha miaka minne kiwe kivuli cha kuegeshea gari! Hapo ndipo chuki ya Ignas ilipoacha kupiga kelele na kuanza kupiga hesabu.

Panga halifai. Panga huku milimani lina mdomo. Ukilipiga pigo moja, mtelemko wa pili wanauliza nani anakata mti saa hizi. Kisu cha jikoni kinachomoza kwenye suruali. Alihitaji kidogo, cha kukunja, cha kukaa mfukoni siku zote bila mtu kugundua: njiani, kanisani, hata akisalimiana na Lukasi mwenyewe.

Nyuma ya soko, mjini, Maimuna alikuwa na meza ya kufuli, tochi, vijiko na visu. Mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, dera la maua, ulimi usio na breki.

"Karibu, mzee wangu. Kufuli? Tochi ya kuchaji?"

"Kisu. Cha kukunja. Kidogo."

"Cha kumenya chungwa au cha kumenya mtu?"

"Cha mfukoni. Cha kutembea nacho kila siku."

"Mluguru wewe."

"Umejuaje?"

"Unaongea kama unaimba. Basi umepatikana, mimi Mnyamwezi wa Tabora, mtani wako. Leo utauziwa bei ya matanga."

Ignas hakucheka. Maimuna akamwangalia kidogo, kisha akainama na kuibuka na sanduku.

Akatoa cha kwanza, kikubwa, mpini umechorwa mbwa mwitu, bapa lina meno kama msumeno. Ignas alikigusa kwa kidole na kukirudisha.

"Meno yanachana. Mimi sichani, nakata."

Cha pili kilikuwa na kijiko, uma, mkasi na kifungulia soda. Alikitia mfukoni, akapiga hatua tatu. Suruali ikashuka upande mmoja.

"Hilo ni jiko zima, mama. Kinanivua nguo."

"Wenzio wazungu wanapanda nacho mlimani!"

"Wenzangu wana mikanda."

Cha tatu kilikuwa na kitufe. Maimuna alibonyeza na bapa likaruka, tap! Watu wawili wa meza ya jirani wakageuka.

"Hicho kinalia," Ignas akasema.

"Kulia ndiyo raha yake. Vijana wanakigombania kwa mlio huo."

"Mimi sitaki kinacholia."

Mwanamke akaweka mikono kiunoni. "Kazi gani hiyo isiyotaka kusikika?"

Ignas alishachukua cha nne, chenye mpini mwekundu wa plastiki. Alikifungua, akaegemeza mgongo wa bapa ukingoni mwa meza, akasukuma. Kikajikunja chenyewe. "Hakina loki. Nikisukuma kwa nguvu kinanigeukia, kinakula vidole vyangu." Alisema hivyo kwa hasira kana kwamba kisu chenyewe kilikuwa ndugu yake Lukasi.

Cha tano kilikuwa cheusi, kisichong'aa, chembamba. Kikikunjwa kililingana na kidole chake cha kati, kikifunguliwa bapa lilikuwa refu kama vidole vitatu vilivyobanwa. Karibu na shingo ya bapa kulikuwa na kinundu cha kusukumia kwa kidole gumba, na kinundu hicho kilikuwa pande zote mbili. Ignas alikiona hicho kwanza. Visu vingi vya dunia hii vinatengenezwa na watu wa mkono wa kulia kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Akakishika kwa kushoto, akasukuma gumba. Bapa likatoka taratibu kama ulimi wa kinyonga anayeota, likafika mwisho, likashika. Hakuna mlio. Akaegemeza mgongo wake kwenye meza, akasukuma kwa uzito wa bega. Halikurudi. Mpini ulikuwa na mikwaruzo midogo isiyoteleza hata mkono ukilowa.

Akatoa mfukoni kijiti cha parachichi alichokuja nacho, akakata mkato mmoja mrefu wa mshazari, akainua kijiti juani na kutazama kidonda. Kilikuwa bapa kama kioo, gome halikupondeka. Makali yalinolewa pande zote mbili. Ubavu mmoja angeunyoosha mwenyewe kwenye jiwe, uwe kama wa kisu cha kubebeshea.

"Wewe si jambazi," Maimuna akasema polepole. "Jambazi hajaribu kisu kwenye kijiti."

"Sijasema mimi jambazi."

"Lakini una mtu wako." Akavuta kigoda, akakaa. "Usinifiche, mtani. Mimi nilimkatia mume wangu magurudumu ya pikipiki, yote mawili, kwa kisu cha kumenyea viazi. Alikuwa anaitumia kumpelekea mwanamke mwingine nyanya. Unajua nilipata nini?"

"Nini?"

"Alinunua gari!"

Meza ya jirani wakaangua kicheko, hata Maimuna mwenyewe akafuta machozi. Ignas alisubiri wamalize.

"Na wako amekufanya nini?" akamuuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Alichekesha watu juu yangu."

"Ndiyo hayo tu?"

"Kwenye tanga la mke wangu."

Maimuna akainuka. Akakichukua kile kisu cheusi, akakipaka tone la mafuta kwenye bawaba, akakifungua na kukifunga mara tatu mpaka kikawa laini kuliko mwanzo. "Chukua," akasema. "Na ile bei ya matanga nimeifuta."

Ijumaa mchana Ignas alikuwa anapanda njia ya nyumbani na kisu mfukoni, gumba likisukuma kinundu na kukirudisha, likisukuma na kukirudisha, ndani ya kitambaa. Lukasi akatokea juu, koti la kijivu, mikono nyuma.

"Shemeji! Bado upo?"

"Nipo, shemeji."

"Nilidhani umeshaanza kuipakia. Sitini na mitatu si mzigo mdogo. Au unasubiri fuso?"

"Nasubiri mvua ikatike."

"Jumatatu yule mkubwa anakuja na fundi wake. Sitaki akukute. Atadhani nimempa shamba na mtu ndani yake." Lukasi akacheka peke yake, kile kicheko cha matangani.

Ignas akatabasamu. Miezi mitatu alikuwa hajatabasamu na mashavu yakamuuma. "Usiwe na wasiwasi. Kufikia Jumatatu kila mtu atakuwa na chake."

Jioni hiyo alipita karibu na nyumba ya Bibi Magdalena, akaona wanawake wazima wa ukoo wameingia ndani, ndala zimepangwa mlangoni, mlango umerudishwa. Kesho yake kulikuwa na ngoma ya kumtoa mwali kwenye mji wa jirani, ng'ambo ya bonde, akajua wanapanga mambo ya mwali. Akafanya kama mkwe mwenye adabu anavyofanya: akaangalia chini, akapita. Winfrida alikuwa Dumila, kwenye kibanda anachouzia vitunguu barabarani kwa wasafiri wa Dodoma, na alituma ujumbe kwamba angekuja Jumamosi kwa ajili ya ngoma.

Jumamosi saa nane mchana kijiji kilihamia ng'ambo. Ngoma zilisikika kupitia bonde, na vigelegele, na kwenye njia yote hapakubaki hata mbwa. Ignas akaingia shambani.

Alipiga goti la kulia mbele ya mti wa kwanza. Shina lilikuwa nene kama mkono wa mwanaume juu ya kiwiko. Kwa gumba akatafuta kovu, pale ambapo kijiti chake kilikutana na shina la kienyeji. Chini ya kovu hapo hakukusudia kugusa. Hayo ndiyo yalikuwa maringo ya kisasi chake: chini ni mbegu ya ukoo, atawaachia, juu ni kazi ya mikono yake, ataondoka nayo. Akazungusha mkato mmoja kulizunguka shina lote, vidole vitatu juu akazungusha wa pili, akaunganisha kwa mkato wa wima, akapenyeza ncha chini ya gome. Likavulika lote kwa mara moja, kama shati la mtu aliyenyeshewa. Mti ukabaki na pete nyeupe, yenye utelezi, yenye harufu ya majani mabichi. Akaipaka tope.

Mti uliochubuliwa hivyo haufi leo. Maji yanaendelea kupanda, majani yanabaki ya kijani, matunda yananing'inia. Lakini chakula hakishuki tena, na mizizi inashinda njaa gizani bila kumwambia mtu, mpaka juu kukauke. Yule mkubwa wa mjini angekuja Jumatatu, angeona bustani, angemalizia kutoa alichoahidi. Kisha, mwezi wa pili, wa tatu, angemwuliza Lukasi ameuziwa nini. Na chini ya kovu shina lingechipua upya, parachichi la kienyeji, dogo, la nyuzinyuzi, lisilotakiwa na mnunuzi yeyote. *Chenu hicho. Kuleni.*

Tangu mti wa kwanza alitaja majina. Kila mti akaupa jina la mmoja wa wale waliocheka, akalitamka mdomoni huku bapa likizunguka. Huyu Eustace mchoma mkaa. Huyu Rosa, shangazi yake huyo, aliyecheka mpaka akashika mbavu. Kisu kilifanya kazi kama kilivyoahidi. Loki haikuteleza, mpini haukumponyoka hata ulipojaa utomvu, na kila alipokikunja kwenda mti mwingine hakikusema neno. Majina yalimwishia mti wa kumi na tisa. Arobaini na minne iliyobaki yote alimpa Lukasi.

Kwenye mti mmoja wa safu ya juu alikuta uzi wa nailoni umemezwa na gome, umebaki ncha ya fundo. Kristina alisahau kuufungua. Ignas akakaa kitako. Ng'ambo ngoma zilibadilisha mwendo, zikawa za haraka. Mwali alikuwa anatolewa nje. Akatazama ncha ile ya nailoni kwa muda wa kutosha kusali Salamu Maria moja, na kweli aliisali. Kisha akakata juu yake.

Alimaliza jua likiwa bado juu ya msitu. Akanawa mikono kijitoni, akakisafisha kisu, akakipaka mafuta. Usiku huo alilala kama jiwe, kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima.

Asubuhi iliyofuata, Misa ilipokwisha, Winfrida alimjia nje ya kanisa. Alikuwa na kitenge cha mama yake. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika lini?"

"Jana jioni. Baba, usiende nyumbani. Bibi anataka tuongozane wote shambani."

"Shamba gani?"

"La mama."

Ameshajua, Ignas akawaza, Lukasi ameiona pete moja. Akatamani kuwahi. Miezi mitatu alikuwa anaingoja sura ya Lukasi.

Mbele alitangulia Bibi Magdalena na fimbo yake, nyuma yake wanawake wa ukoo kama kumi na wawili, nyuma yao watu waliotoka kanisani wakitaka kujua kuna nini. Lukasi alikuwa mwisho kabisa, koti amelivua na kulishika mkononi, na hakuwa akiongea. Ignas alimwona akiwa hivyo na akafurahi bila kujua sababu.

Mpakani mwa shamba Bibi Magdalena akasimama.

"Sisi wanawake tulikaa Ijumaa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini hakuna aliyekohoa. "Ardhi ya tumbo letu haigawiwi na mwanaume, hata awe nimemzaa mimi. Lukasi alikwenda kupokea malipo ya mtu wa mjini bila kutuuliza. Huyo mtu ameshaambiwa asije. Alichokitoa atarudishiwa, na mwenye kukirudisha ni Lukasi, auze anachouza. Kweli au si kweli?"

"Kweli," wanawake wakaitikia.

"Lukasi, sikusikii."

"Kweli, mama," Lukasi akasema, akiangalia vidole vya miguu yake.

Wale kumi na tisa waliocheka walikuwepo, karibu wote, na hakuna aliyemwokoa hata kwa kikohozi. Ilikuwa ndiyo sura ileile ambayo Ignas aliiomba usiku na mchana. Hakuweza kuitazama. Alikuwa ameanza kuelewa mwisho wa maneno kabla hayajasemwa.

"Kristina ameacha binti. Shamba hili na vilivyomo ni la Winfrida. Na baba yake atakaa humo mpaka achoke mwenyewe." Bibi akamgeukia Ignas. "Mkwe wangu, tumechelewa kukwambia. Nawe unajua, mkwe hakai kikaoni."

Vigelegele vikalipuka. Winfrida akaingia shambani akicheka na kulia, akaukumbatia mti wa kwanza kama mtu. Tope likamganda kwenye kitenge. Akaliangalia. Akaenda wa pili. Tope kimo kilekile. Wa tatu. Vigelegele vikapungua, kikabaki kimoja, nacho kikakatika katikati. Winfrida akalowesha pindo la kitenge kwa mate, akafuta. Pete nyeupe ikatokea. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kidonda, taratibu, kutoka upande huu kwenda ule. Ukingo ulikuwa laini bila wimbi hata moja, na mshazari wake ulilalia upande ambao mikono ya watu wengine haiulalii.

Milimani pale kulikuwa na mtu mmoja tu anayekata hivyo, kwa mkono wa kushoto. Winfrida akageuka kumtazama.

"Yote?" aliuliza.

Ignas alifungua mdomo. "Nilijua ni ya kwake," akasema, akimwonyesha Lukasi kwa kidevu. "Nilijua ameshaichukua."

Kutoka nyuma Lukasi akacheka. Mara moja tu, kifupi. Bibi Magdalena akageuza kichwa, naye akanyamaza, lakini kilishatoka na kila mtu alikisikia.

Ignas akapiga hatua kuingia. "Mwanangu, vidonda havijamaliza siku. Kuna namna ya kuviunga, unachukua vijiti—"

"Naijua, baba. Ulinifundisha wewe."

"Basi nikusaidie. Mimi—"

"Kaa hapohapo."

Akakaa hapohapo. Winfrida hakupaza sauti na hakulia tena. Aliwatuma wasichana wawili kuleta kisu cha jikoni na kamba za mgomba, akawaambia akina mama wafute tope bila kukwangua, akapinda tawi la mti wa kwanza na kukata vijiti vinne vya unene wa penseli. Akachonga ncha zao huku na huku. Kisu kilikuwa kizito na alikata mara mbili mbili. Kijiti kimoja kinachomekwa chini ya gome la chini, kinavuka ile pete, ncha yake ya pili inachomekwa chini ya gome la juu. Kikishika, chakula kinapata daraja la kushukia. Lakini kijiti kina juu na chini yake, kama mtu.

Kutoka mpakani Ignas aliliona kosa kabla yake. Winfrida alikuwa amekishika kichwa chini, macho ya kijiti, yale yanayochipua, yakitazama ardhini. Akapenyeza ncha moja kwenye gome la chini. Ignas alisogea mpaka vidole vya miguu vikagusa mpaka. Winfrida akakipinda kijiti, akakifikisha kwenye gome la juu, akakikaza kwa gumba.

Akasimama kidogo. Akakichomoa chote, akakiinua juani, akapapasa macho yake moja moja. Kisha akakigeuza, akakichomeka upya, akakikaza kwa kiganja, na akazunguka upande wa pili wa shina kuanza kijiti kingine.